Bildi Iliyoshika Mlango Wetu

Kaloleni, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako Nekesa, mwanangu ambaye pia ni mama yangu,

Salamu tumepeana mchana kutwa, kwa hiyo siziandiki tena. Wewe na mamako mmekwenda Baba Dogo kumuaga shangazi yako, nami nimebaki nikisema goti linaniuma. Goti haliniumi. Nilitaka nyumba iwe kimya niandike kabla hamjarudi. Nikikuona usoni sitaandika, na nikingoja kuyasema kwa mdomo utapanda garimoshi kesho jioni bila kuyasikia. Najijua.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutomwamini mtu anayekubebea mzigo stesheni bila kuombwa, mamako amezisema tangu Jumatano na kesho atazisema tena. Mimi nina neno moja tu, nalo limenikaa rohoni miaka tisa. Ni habari ya lile jiwe la mlango.

Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza, tukichambua maharagwe pale barazani, "Baba, lile jiwe la mlango lilienda wapi?" Nikakujibu, "Jiwe gani?" Ulinitazama kidogo, kisha ukarudi kwenye maharagwe yako. Hukuniuliza tena hata siku moja.

Jiwe lilikuwepo, Nekesa. Lilikuwepo hata siku hiyo uliyoniuliza, hatua sita kutoka pale ulipoketi, chini ya udongo wa shamba la mboga za managu la mamako.

Acha nianze mwanzo, la sivyo nitaruka sehemu zinazoniaibisha. Unajua nilikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye godauni moja kule Eneo la Viwanda, mizigo iliyopanda kutoka bandarini. Tulikuwa na desturi yetu ambayo haikuandikwa popote. Tuliita haki ya ufagio. Gunia likipasuka, kilichobaki ndani ni cha mwenyewe. Kilichofika chini ni cha ufagio, na ufagio ni sisi. Sukari uliyokunywa ukiwa mdogo ilikuwa ya ufagio. Misumari inayoshika paa la jiko letu mpaka leo ni ya ufagio. Nyapara wetu, Njoroge, alikuwa na fungu lake kama sisi, na hakuna aliyejiona mwizi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi godauni. Sisi tulizoa kila kitu.

Siku moja sanduku la mbao lilituponyoka likavunjika kona. Ubavuni lilikuwa limechorwa nanga kwa rangi nyekundu. Yakamwagika maranda, na ndani ya maranda kikaanguka kitu cheusi, kirefu kama mchi mfupi, kizito ajabu. Njoroge alikuwa ametupa kisogo. Seremala wa godauni akaigongomea ile kona haraka, Njoroge akatia sahihi kwamba sanduku limetoka zima, likapakiwa kwenye lori. Mimi nikabaki na ufagio mkononi na kile kitu miguuni, kimefunikwa.

Usinitetee hapa. Nilijua tofauti. Sukari humwagika, na hakuna mtu anayehesabu punje zake. Kile kilikuwa kimoja, na mwenye nacho angekitafuta. Nilijua hivyo, nikajiambia kimefika chini, nikakifagia pamoja na maranda hadi kwenye mfuko wangu.

Mlango wetu unaujua. Nyumba hizi tulizopangishwa na kanjo ya jiji ni nzuri, lakini milango yake ina vichwa vyake. Upepo ukija, mlango unajibamiza mpaka vikombe vinalia kabatini. Nikakiweka kile kitu pale chini, mlango ukatulia. Tukakiita jiwe, ingawa kilikuwa cha madini ya risasi. Mamako aliniuliza kimetoka wapi. Nikamwambia, "Ufagio." Akanyamaza, na mamako akinyamaza ujue amesikia zaidi ya ulichosema.

Wewe ndiye uliyelipenda. Uligundua kwamba upande wa chini lina shimo, ukawa unalijaza vipande vya sabuni iliyolainika, kisha unaliburuta kwa mikono miwili na kuligandamiza kwenye mchanga. Unaligeuza, unatazama kilichonata, unatangaza, "Huu ni mchanga wa bombani. Huu ni wa kwa akina Atieno." Ulikuwa na miaka minane, tisa hivi. Hakuna aliyekufundisha. Mamako alilalamikia sabuni yake, mimi nikacheka.

Sasa nafika penyewe.

Unakumbuka lile jumba dogo la historia ya mtaa, kile chumba cha kando ya ukumbi alichokuwa akikitunza mwalimu mstaafu? Redio ya mbao, kofia ya askari aliyerudi vitani, picha za timu za zamani za mpira. Ulikuwa darasa la nne. Ulileta barua kutoka shuleni, kwamba Jumamosi atakuja mgeni kutoka Mombasa kuzungumza juu ya vyombo vya baharini, vitu vilivyotolewa kwenye meli iliyozama zamani, na kila mwanafunzi aje na mzazi. Nilifurahi. Nilipiga viatu rangi. Nilitaka watu waone Wanyonyi, mpakuzi, amekuja na binti yake kusikiliza mambo ya elimu.

Tulikaa safu ya pili. Mamako alisimama nyuma karibu na mlango kwa sababu ya joto. Njoroge alikuwa nyuma yetu moja kwa moja na mwanawe. Mgeni alikuwa Bwana Kombo, wakati ule bado nywele zake ni nyeusi. Akaingiza sanduku lake, akaliweka mezani, akaligeuza ubavu.

Niliona nanga nyekundu. Niliona kona mpya yenye misumari yetu.

Nilifikiria kuinuka na kutoka, lakini Njoroge angeniona, na mtu hatoki kwenye mkutano wa mwanawe bila sababu. Nikabaki. Yule mgeni akatoa vitu kimoja kimoja kwa utaratibu wake wa kipwani, kipande cha mtungi, msumari wa shaba, gurudumu la kapi la kupitishia kamba. Kila mkono wake uliposhuka sandukuni, mimi niliacha kupumua. Halafu akatoa kile. Kilikuwa kama chetu, ila kidogo zaidi, mfano wa mtoto na babake.

"Hii yaitwa bildi, wanangu," alisema. "Nahodha akifika asikokujua, huifunga kamba akaitosa majini apate kujua kina. Zilikuwa mbili. Kubwa yake imetupotea baina ya bandari na Nairobi, hatujui wapi. Na hii ndogo, sijawaambia bado kazi yake ya pili."

Nilikuwa nimekushika mkono. Nikaukaza. Wewe ukauchomoa, ukaunyoosha juu.

"Ina shimo chini?" uliuliza.

Bwana Kombo aliigeuza ile bildi taratibu, watu wote wakaona shimo. "Ina shimo," alisema. "Hutiwa shahamu humo, ikifika chini inanasa mchanga au tope, na nahodha akiuona mchanga ajua yuko wapi. Lakini nani kakwambia wewe?"

"Sisi tunayo nyumbani," ulisema, sauti kubwa, safi. "Kubwa. Inashika mlango."

Watu walicheka. Njoroge akaniinamia begani, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Wanyonyi! Kwani siku hizi uko na meli na hutuambii?" Wakacheka zaidi. Nikageuka. Mdomo wake ulikuwa unacheka, macho hayakucheka. Yeye ndiye aliyetia sahihi.

Nilihesabu kwa haraka yale mtu maskini huhesabu. Kazi, na kazi ikienda nyumba ya kanjo nayo inaenda, na wewe darasa la nne. Kisha nikasimama. Nataka uone kwamba hakuna aliyenisimamisha.

"Bwana mgeni, tusameheane," nilisema. "Huyu mtoto ni mwongo. Ana tabia ya kubuni mambo. Hata nyumbani ananisumbua hivyo hivyo."

Unajua kwetu mtoto anayebeba jina la mtu hubeba na heshima yake. Tangu siku ulipozaliwa sijakuita Nekesa nikiwa na furaha. Nakuita Mama, kwa sababu wewe ni mama yangu amerudi. Mama yangu hakuwahi kusema uongo, na alikuwa akinichapa kwa wa kwangu. Siku ile mbele ya ukumbi nilimtukana yeye na wewe kwa neno moja, na kichwani nikawa nasema afadhali.

Ningekuwa na bahati ingeishia hapo. Lakini Njoroge alisema, "Basi si twende tuuone huo mlango? Ni hapa tu." Alisema kama mzaha, ila nadhani alitaka kujua sahihi yake imemtia wapi. Bwana Kombo akasema yeye angependa.

Kutoka ukumbini hadi kwetu ni dakika nne, na zile nne zilikuwa ndefu kuliko juma zima la kazi. Wewe ulitaka kukimbia mbele. Ulikuwa na furaha, ndiyo inayoniua. Uliamini tukifika tu kila mtu ataona, mimi nikiwa wa kwanza, na neno lile litafutika. Nilikushika kifundo cha mkono nisikuachie. "Baba, unaniumiza," ulisema. Sikukuachia. Nilikuwa natafuta la kusema tukifika, na sikupata lolote. Nilikuwa natembea kwenda kufungwa.

Tukakata kona. Mlango ulikuwa wazi, umetulia. Chini yake ilikuwa pasi ya makaa ya mamako.

Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma wa ukumbi akatutangulia. Jiwe lilikuwa ndani ya gunia la makaa, na usiku ule nikalifukia shambani kwake. Sikumwomba. Alinijua, na aliogopa ninachoogopa. Nisingependa umhukumu kwa hilo. Uongo ulikuwa wangu, yeye aliubeba tu kwa sababu nilikuwa nimeuacha njiani.

Wewe uliitazama ile pasi. Kisha ukanitazama mimi, na ukaelewa. Niliona ukielewa. Mtoto wa miaka kumi.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Hatari ilikuwa imepita, Njoroge alikuwa tayari anapumua. Badala yake nilisema, "Umeona? Mwombe mgeni msamaha. Sema ulidanganya."

"Lakini Baba..."

"Sema."

"Samahani," ulisema. "Nilidanganya."

Bwana Kombo alichuchumaa kando ya pasi kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Kwenye saruji palikuwa na alama ya kijivu, duara, iliyoachwa na risasi kwa miaka miwili. Pasi ya mamako ina pua iliyochongoka. Aliizungusha ile alama kwa kidole, duara zima, akanitazama. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Kisha akakugeukia wewe akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Akaenda zake.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Watoto wa mtaa walikupokea kila jioni kwa, "Oya Nekesa, meli imepaki wapi leo?" Ulivumilia mpaka wakachoka. Kilichobaki ni kwamba hukunyoosha mkono tena. Ripoti zako zote mpaka Fomu Foo zina neno lile lile kwa miandiko tofauti: anajua lakini hasemi. Na mimi nilikuwa nikiwaambia jirani, "Binti yangu ni mtulivu, hana kelele." Nilikusifu kwa jeraha nililokutia.

Labda unauliza kwa nini sikusema baadaye. Njoroge alistaafu akarudi kwao. Godauni iliuzwa, nami nikapata kazi hii ya ulinzi. Sababu zote za kuogopa ziliondoka moja moja, na mimi nikabaki na uongo usio na kazi. Haikuwa hofu tena. Nilikuwa naona haya. Nimelelewa kwamba mzazi hakosei mbele ya mtoto, na akikosea, ukoo wote unatazama pembeni. Nimeona nyumba nyingi hapa mtaani zinaishi hivyo, watu wanakula sahani moja na kuna kitu katikati ya meza ambacho kila mtu anakizunguka. Sijui kama kuna njia rahisi ya kutoka. Ninachojua ni kwamba kusema siku ya kwanza kungekuwa na bei ndogo kuliko leo, na leo ni ndogo kuliko kesho. Ukikosea huko uendako, na utakosea maana wewe si malaika, kumbuka tu mimi niliyechelewa.

Ungedhani sasa nitasema ni Mungu aliyenigusa. Ni wewe. Mwezi uliopita ulirudi kutoka Mombasa kwenye usaili, tukala ugali, ukatuambia wamekuchukua kwenye lile jumba la makumbusho ujifunze kutunza vitu vya baharini. Mamako akapiga kigelegele. Halafu ukasema, bila kuinua macho, "Yule mzee Kombo bado yuko. Nilipotaja Kaloleni aliniuliza kama mlango wetu bado unajibamiza. Nikamwambia nilikuwa mtoto, nilibuni."

Niliacha ugali nikatoka nje. Mlidhani ni tumbo.

Una miaka kumi na tisa. Ulisimama mbele ya kazi yako ya kwanza, mbele ya mtu pekee aliyekuamini, ukajiita mwongo tena kwa ajili yangu. Sijui ulinilinda, au nilikuharibu kiasi kwamba sasa unaamini hukuliona. Nimelala na maswali hayo mawili mwezi mzima na yote mawili yananichoma.

Basi sikiliza, nikuandikie wazi. Hukudanganya. Jiwe lilikuwepo. Lilikuwa na shimo chini. Ulisema kweli, na mimi ndimi niliyedanganya, na nilikulazimisha useme vingine. Nisamehe, Mama.

Jumanne mkiwa kwenye maombi kanisani nililifukua. Niliosha udongo, nikalifunga gazeti, nikalitia chini kabisa ya sanduku lako la safari, katikati ya nguo. Nilijiambia utalifikisha kwa Bwana Kombo na mambo yataisha. Nikaketi kitandani nikilitazama lile sanduku, na nikaona ninachofanya. Nilikuwa nakubebesha kwa mara ya pili. Mtoto afike kazini siku ya kwanza na mali iliyopotea ndani ya nguo zake, aulizwe yeye. Nikalitoa.

Nimekata tiketi yangu pia. Nitakwenda nalo mwenyewe, nikalikabidhi mikononi mwa Bwana Kombo, niseme nililipataje na nani alisema kweli siku ile. Wakitaka kuita polisi, wataniita mimi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Yangu imenichukua miaka tisa na sasa imefika Mombasa.

Lakini liko jambo moja ambalo si langu kuamua. Huenda wakakutazama vibaya kwa sababu ya babako. Huenda hata kazi ikatikisika. Mamako anasema ningoje uzoee kwanza, uthibitishwe, ndipo niende. Huenda ana haki, na huenda ni ile pasi ya makaa tena. Mimi siwezi tena kukuchagulia cha kusemwa juu yako. Kwa hiyo, kesho ukitaka tusafiri pamoja, ichukue barua hii uitie mkobani. Ukiiacha mezani chini ya kikombe, nitakusindikiza stesheni, nitarudi, na nitangoja uniandikie siku. Kwenda nitakwenda tu. Wewe sema lini.

Nilitaka kukuachia maneno mengine, juu ya bahari, juu ya wanaume, lakini wino unaisha na sauti ya mamako naisikia pale bombani, anasalimiana na mama Atieno, na yako nyuma yake. Nimeacha kalamu mara moja nikarudi. Mlango nimeufungua, na chini yake nimeliweka jiwe, pale pale kwenye duara lake.

Kwa hiyo utakuwa umeliona kwanza, kwa macho yako, kabla hujasoma neno langu hata moja. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Usilisogeze, Mama. Ni zito, na kesho au siku utakayosema, nitaliinua mimi.

Ni mimi,
Babako